Viraka vya Kombi

Litajwapo neno utamaduni, fikra za wengi wetu hukimbilia ngoma, vinyago, mashairi na mavazi ya wazee wetu. Hapana ubaya katika jambo hilo. Tangu Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipoihutubia nchi akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika na kutangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa, kazi kubwa imefanywa ya kuyakusanya na kuyatunza mambo ambayo wakoloni waliyabeza. Hata hivyo yapo mengine ambayo, ama kwa kuwa tumeyazoea mno, ama kwa kuwa yamejaa oili chafu na masizi, hatujapata kuyahesabu kuwa ni sehemu ya urithi wetu. Katika insha hii twataka kulizungumzia moja tu kati ya hayo, nalo ni ufundi wa kulifufua gari kuukuu. Mfano wetu ni kombi moja ya Volkswagen, ya mwaka 1973, ambayo tuliishughulikia uani kwetu mjini Tanga tangu mwaka 2019 hadi 2022.

Kombi si mzaliwa wa nchi hii. Mchoro wake wa kwanza ulichorwa mwezi Aprili 1947 na Mholanzi mmoja, Ben Pon, mfanyabiashara wa magari, ambaye alikuwa amekiona katika kiwanda cha Wolfsburg kigari cha kubebea vyuma kilichoundwa humo humo kiwandani kwa vipande vya gari dogo la Volkswagen. Ujerumani ilikuwa imeshindwa vitani, kiwanda chenyewe kilikuwa chini ya wanajeshi wa Uingereza, na watu walijifanyia vyombo vya kazi kwa chochote kilichokuwa karibu. Msomaji aliweke jambo hilo moyoni, maana tutalihitaji mbele: kwa asili yake kombi ni mtoto wa dhiki. Ilianza kuundwa Machi 1950. Umbo lake la pili, lile lenye kioo kimoja kipana mbele, lilitokea mwaka 1967. Wajerumani waliliacha mwaka 1979, lakini Wabrazili waliendelea kuunda kombi hadi Desemba 2013. Jina lenyewe ni kifupisho cha neno refu la Kijerumani, Kombinationskraftwagen, yaani gari la matumizi ya namna mbalimbali. Kiswahili kililipokea bila taabu, kwa kuwa lilikuja likiwa tayari limekwisha kwa irabu.

Huku kwetu gari hilo lilipendwa kwa sababu zisizohusu urembo. Injini yake imekaa nyuma, juu ya magurudumu yale yale yanayoisukuma, na kwa hiyo hupanda vilima vya matope ambako gari nyingi huzungusha magurudumu bure. Haina rejeta, wala haihitaji maji. Hupozwa kwa upepo wa feni na kwa oili yake, ambayo ni lita mbili na nusu tu. Silinda zake 4 zimelazwa, mbili kushoto na mbili kulia, na injini nzima yaweza kushushwa na watu wawili wenye jeki na spana chache. Shule, hospitali na misheni za bara ziliitumia, na wapeleka watalii mbugani vilevile.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimeza mali nyingi ya taifa. Fedha za kigeni zikaadimika, na spea zikaadimika pamoja nazo. Ni katika miaka hiyo fundi wa Tanzania alipolazimika kuwa yeye mwenyewe kiwanda. Gasketi zilikatwa kwa mkasi kutoka katika karatasi ngumu. Beringi ziliazimwa kwa gari lililokufa zikatiwa katika gari mahututi. Tairi lililokwisha kabisa halikutupwa, bali lilikatwa likawa makatambuga, na watu wakaendelea na safari kwa miguu juu ya mpira ule ule uliokuwa ukiwabeba. Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1983 serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria jijini Dar es Salaam, na magari yaliyokwisha kutumika Japani yalipoanza kumiminika, Toyota Hiace iliiondoa kombi barabarani. Hatuilaumu Hiace, spea zake zilipatikana kila kona, na abiria hana haja ya historia bali ya kufika.

Kombi yetu ilinunuliwa ikiwa mpya na shule moja ya misheni katika milima ya Usambara. Mwaka 1981 iliuzwa kwa baba yetu mkubwa, naye akaitumia kubebea abiria na mizigo kati ya Tanga, Muheza na Pangani, hadi injini ilipokufa mwaka 1994. Ikasukumwa chini ya mkungu uliopo nyuma ya nyumba, ikakaa hapo miaka 25. Kuku walitagia ndani yake, watoto walijifunza humo kuwa madereva wa uongo, na upepo wa bahari ukaendelea na kazi yake ya chumvi. Tulipoamua kuifufua, sakafu yake ilikuwa na matundu ambayo paka aliweza kupita, na kizingiti chote cha chini ya mlango wa kusukuma, ule wa upande wa kushoto, kilimomonyoka kwa mkono kama mkate mkavu.

Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kiini cha kazi yote. Kulifufua gari ni kulirudisha katika hali yake ya kwanza. Lakini hali ipi? Mpwa wetu, kijana aliyesomea ufundi wa magari, aliletea ukoo picha za kombi zilizofufuliwa Ulaya na Marekani, zinazong'aa kana kwamba zimetoka kiwandani asubuhi ile, na ambazo huuzwa kwa bei kubwa ajabu. Alikuwa amehesabu viraka 17 katika bodi ya gari letu.

"Mjomba," alituambia, "tukiviacha viraka hivi, tutakuwa tumetengeneza nini? Hii haitakuwa kombi, itakuwa shuka la maskini."

Neno lake halikuwa la kipuuzi. Kiraka mara nyingi ni jina la heshima la uongo. Wote tumewahi kuona gari ambalo kutu yake imefunikwa kwa puti na rangi mpya likauzwa kwa mtu asiyejua, naye baada ya masika moja tu akaona puti ikianguka barabarani vipande vipande.

Tulikuwa tumemwita fundi mmoja wa Ngamiani, mzee aliyepita umri wa miaka 70, ambaye aliwahi kuitunza kombi hiyo katika siku zake za kazi. Alikuwa ameketi kwenye gogo akimsikiliza kijana bila kumkatiza. Hatimaye alinyoosha kidole kwenye kiraka kikubwa cha sakafuni, chini ya miguu ya dereva.

"Mjukuu wangu," alisema, "hicho nilikipiga mimi mwaka 1984. Ukitaka kukitoa, nionyeshe kwanza kinapovuja."

Kijana, kwa adabu, alimwaga ndoo ya maji juu yake. Hapakuvuja hata tone. Kiraka chenyewe kilikuwa kipande cha pipa la mafuta, kimenyooshwa kwa nyundo na kukazwa kwa ribiti, na mshono wake ulikuwa umezibwa kwa pamba iliyoshindiliwa kwa patasi na kupakwa deheni. Hii si kazi ya gereji, bali ya mafundi wa vyombo vya baharini. Mzee alitueleza kuwa siku zile hapakuwa na gesi ya kulehemu mjini, naye akamwendea jirani yake, fundi wa majahazi, wakaikalafati sakafu ya kombi kama wanavyokalafati mashua. Neno hilo kalafati limezunguka na mabaharia wa bahari nyingi kabla ya kufika kwetu, na deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta, umezilinda mbao za vyombo vya pwani tangu zamani. Hivyo sakafu ya gari la Wolfsburg lilipoharibika, liliponywa kwa elimu ya jahazi.

Sisi twaamini kwamba siku ile tulipata kanuni, ingawa haikuandikwa popote. Kiraka kinachobeba kibaki. Kiraka kinachoficha kiondoke. Kila kimoja kati ya vile 17 kilichunguzwa kwa bisibisi na nyundo ndogo, na si vingi vilivyosalimika. Puti yote iliyokuwa ukingoni mwa mifereji ya paa ilibanduliwa, na chini yake tukakuta kutu tupu. Kizingiti kilikatwa kizima, kikaundwa kingine kwa bati la unene wa milimita moja, kikalehemiwa kwa nukta nukta, mara ncha hii mara ncha ile, ili bati lisijikunje kwa joto. Waya wa mafuta, uliokuwa umeungwa kwa nyaya za breki za baiskeli, tuliuondoa pamoja na kukiri werevu wa aliyeuunga, kwa sababu waya ukikatika mtelemkoni haumjali mwerevu. Mpira wa petroli nao tuliutoa siku ya kwanza kabisa. Katika kombi petroli hupita juu ya injini yenye joto, na mpira uliopasuka umeziteketeza nyingi kuliko ajali. Yeyote anayeurithi mzee wa aina hii na aanzie hapo kabla hajafikiria rangi.

Viti havikutusumbua. Seremala wa Pangani alikuwa ameviunda upya kwa mbao, na ndani yake akajaza katani. Tulibadilisha vitambaa tu. Kijana aliuliza kama katani ni kitu cha asili katika kombi. Tukamjibu kwamba katika Tanga katani haiulizwi hati, ingawa mkonge wenyewe ulikuja kama mgeni, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893.

Sasa tuje kwenye injini, ambamo tulijifunza zaidi. Injini inayopozwa kwa upepo haitegemei feni peke yake. Imevikwa mabati membamba pande zote, na mabati hayo ndiyo yanayouongoza upepo upite katikati ya mapezi ya silinda, tena ndiyo yanayoutenga upepo baridi wa juu na hewa ya moto ya chini. Mtu aliyezoea injini za maji huyaona kuwa pambo, jambo la Kizungu la kufunika uchafu. Katika gereji moja, ambayo hatuna haja ya kuitaja, mabati matatu ya kombi yetu yalitolewa mwaka 1993 ili spana ipite kwa urahisi, wala hayakurudishwa. Mwaka uliofuata vali ya silinda ya tatu ilikatika kwa joto, ikatoboa pistoni. Gari halikufa kwa uzee, wala kwa kukosa spea. Liliuawa na mkono uliotupa kitu kabla ya kuuliza kazi yake.

Pistoni na silinda mpya, za kipenyo cha milimita 85.5, ziliagizwa, kwa kuwa bado zinatengenezwa katika nchi kadhaa. Mabati hatukuyaagiza. Mzee alichora umbo lake kwenye karatasi ya boksi, akaikata, akaijaribisha kwenye injini, akapunguza hapa na pale, kisha akatutuma kwa fundi bati anayetengeneza majiko, ndoo na koroboi. Huyo hakuwa amepata kuiona injini ya kombi maishani mwake. Aliigeuza ile karatasi mara mbili, akauliza, "Upepo unatoka wapi na unakwenda wapi?" Tulipomwonyesha, alicheka akasema kuwa hilo ni jiko lililogeuzwa, lenye kufukuza moto badala ya kuuita. Mabati aliyotuletea baada ya siku mbili yalikaa mahali pake, isipokuwa moja lililohitaji kupigwa tupa ukingoni. Tangu hapo hatukubali kusikia kwamba elimu ya koroboi ni elimu ndogo.

Kazi ya kutega vali ilifanywa alfajiri, injini ikiwa baridi, kama itakiwavyo. Nafasi yake ni milimita 0.15. Mpwa wetu alikuwa na geji yake ya chuma. Mzee, kwa upande wa pointi za umeme, alitoa pochini kipande cha kadi ngumu kilichokolea oili, akakipitisha katikati ya pointi, akakaza skrubu. Kijana alikipima kipande kile: milimita 0.4, ndicho kipimo cha kiwandani. Mzee alikuwa amekikata ujanani kwa kulinganisha na geji ya mwalimu wake, fundi wa karakana ya reli, kwa sababu geji yenyewe hakuwa na uwezo wa kuinunua. Basi kumbe hata karakana zilizofuatana na ile reli, ambayo ujenzi wake ulianzia Tanga mwaka ule ule wa 1893, zilikuwa bado zinafanya kazi ndani ya pochi ya mzee mmoja.

Hapa twaomba ruhusa ya walimu tuseme neno juu ya lugha. Katika miaka ile mitatu tulikuwa na daftari, na kila jina la kifaa au tendo lililotamkwa uani tuliliandika. Klachi, plagi, kabureta, gia boksi na shokapu zimetoka kwa Waingereza, jambo ambalo kila mtu hulisikia. Lakini gari limetoka Bara Hindi, na karakana ni neno la Kiajemi lenye maana ya nyumba ya kazi. Msasa, tunaoudhani kuwa ni karatasi ya dukani, ni jina la mti, ambao majani yake ya kukwaruza yalitumiwa na maseremala wa pwani kulainishia mbao kabla karatasi hiyo haijaonekana. Karatasi ilipofika, ilikuta jina linaisubiri. Kuna na maneno ambayo watu wenyewe wameyabuni kwa mzaha. Gereji isiyo na kibali wala kibao huitwa gereji bubu, ilhali hapana mahali penye makelele ya nyundo kuliko hapo. Ua wetu nao ulikuwa gereji bubu kwa muda ule, na majirani walituvumilia kwa wema ambao hatuwezi kuulipa. Mwalimu wa Kiswahili anayewatuma wanafunzi wake kukusanya methali angeweza, muhula mmoja, kuwatuma gereji.

Ubishi wa mwisho ulikuwa juu ya mlango wa nyuma. Baba mkubwa, Mungu amrehemu, alikuwa amemlipa mchoraji wa vibao aandike hapo, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, MGENI NJOO. Nusu ya pili ya methali, kwamba mwenyeji apone, aliiacha abiria aijaze mwenyewe. Rangi ya bodi yote ilipaswa kupulizwa upya, nayo herufi hizo zilikuwa zimepauka na kubanduka. Kijana, ambaye kwa wakati huo alikuwa amekwisha kuvipenda viraka kuliko sisi, safari hii ndiye aliyezitetea. Alitukumbusha habari za Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za silingi, akafariki mwaka 1972, na ambaye picha zake leo huhifadhiwa kama hazina. Nani, aliuliza, angethubutu kuzifuta picha zile kwa hoja ya kwamba rangi ilikusudiwa baiskeli na ubao ulikusudiwa dari? Hatukuwa na jibu. Mlango ulifunikwa kwa karatasi na gundi pande zote, bodi ikapulizwa ile rangi yake nyeupe na buluu, na herufi zikaachwa kama zilivyo, pamoja na mpauko wake.

Injini iliwaka tarehe ambayo hakuna aliyeipanga, katika jioni ya mwezi Juni 2022, kwa sauti ile kavu ya kombi ambayo wazee wa mtaa waliitambua kabla hawajaiona. Mpwa wetu alimpelekea mzee kilemba chake kama ada inavyotaka kwa mwanagenzi aliyehitimu: kanzu, na fedha kidogo ndani ya bahasha. Mzee alipokea kanzu, akairudisha bahasha, kisha akampa kipande kile cha kadi. Kijana anacho pochini, ingawa geji yake ya chuma ipo. Siku hizi yumo katika kuikata upya kwa karatasi ya boksi michoro ya mabati yote ya injini ile, kila moja ikiwa na jina lake kwa Kiswahili. Mabati mawili bado hayajapata majina ambayo mzee na fundi bati wanakubaliana.